Miaka Mingapi ya Lugha?

Mwaka jana binti yangu anayeishi California alinipigia simu akaniuliza swali ambalo, kwa miaka yote niliyofundisha Kiswahili sekondari, hakuna mzazi aliyepata kuniuliza: chuo kikuu humtaka mwanafunzi awe amesoma lugha ya kigeni kwa miaka mingapi kabla ya kuomba nafasi? Kwetu Tanzania swali hili halina mahali pa kukaa. Anayeomba kudahiliwa hutazamwa ufaulu wake katika masomo ya tahasusi yake. Hakuna anayemuuliza kama amewahi kukaa miaka miwili na Kifaransa au Kiarabu. Huko aliko binti yangu swali hilo lina uzito, na aliyekuwa akipimwa kwalo ni mjukuu wangu, wakati huo yuko darasa la 11, mwaka mmoja kabla ya kuhitimu sekondari.

Jibu fupi lipo, nami nalitoa mapema ili mwenye haraka asihangaike. University of California, ule mtandao mkubwa wa vyuo vya umma vya jimbo hilo, hutaka miaka 2 ya lugha moja isiyo Kiingereza, na hupendekeza 3. California State University nao hutaka miaka 2. Stanford hupendekeza 3 au zaidi. Harvard hupendekeza 4, yote katika lugha moja. Vyuo visivyodai hata mwaka mmoja navyo ni vingi. Wapenzi wa lugha watagundua kuwa uzito wote wa habari hii umo katika vitenzi viwili, kutaka na kupendekeza. Kinachotakiwa usipokuwa nacho, mlango una haki ya kufungwa. Kinachopendekezwa unaweza kukikosa ukaingia. Lakini pale ambapo waombaji ni wengi mno kuliko nafasi, pendekezo huvaa kanzu ya sharti likakaa baraza moja nalo.

Neno jingine la kuangaliwa ni "moja". Mwaka wa Kihispania ukiunganishwa na mwaka wa Kifaransa hauzai miaka miwili. Huzaa mwanzo mara mbili.

Kuna na mtego, ambao wazazi wageni hunaswa nao. Sheria ya jimbo la California kuhusu kuhitimu sekondari humruhusu mwanafunzi achague: mwaka mmoja wa sanaa, au mwaka mmoja wa lugha, au mwaka mmoja wa mafunzo ya ufundi. Kwa hiyo kijana aweza kuhitimu, akavaa joho, akapigiwa makofi na vigelegele, bila kufungua kitabu cha lugha nyingine siku hata moja, kisha akaambiwa na chuo cha jimbo hilohilo kuwa hakutimiza vigezo. Masomo yanayotakiwa na vyuo yamepangwa kwa herufi, kuanzia A hadi G, na lugha imekaa kwenye E. Mjukuu wangu alikuwa na herufi zote isipokuwa hiyo. Katika E alikuwa na mwaka mmoja tu wa Kihispania.

Sababu haikuwa uvivu. Alifika Marekani akiwa ameacha darasa la tano la shule ya msingi huku Tanga katikati ya mwaka, na kama ilivyo kawaida kwa watoto wasiojua Kiingereza, aliwekwa katika vipindi vya ziada vya kujifunza Kiingereza. Siku ya shule ina vipindi vichache. Vipindi hivyo vya ziada vilikalia nafasi ambayo wenzake waliitumia kwa Kihispania. Akili yake yote ya lugha ilikuwa inafanya kazi usiku na mchana. Katika miaka mitatu alitoka kwenye kutojua kuomba ruhusa ya kwenda msalani hadi kuandika insha kuhusu katiba ya nchi ile. Katika hesabu ya herufi E, jasho hilo lote ni sifuri, kwa kuwa lugha aliyojifunza ni Kiingereza, na lugha aliyokuwa nayo hakuna aliyemfundisha darasani huko.

Mwalimu anapoambiwa "mwaka", huuliza vipindi. Chuoni tulizoezwa kuandika azimio la kazi kwa kuhesabu vipindi vya dakika 40, kutoa sikukuu na wiki za mitihani, na kuona ni mada zipi zitabaki bila kufikiwa. Basi nikataka kujua mwaka wa lugha wa Wamarekani una nini ndani yake, na nilichokikuta kilinichekesha mimi mstaafu. Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri wa chuma Andrew Carnegie alitoa fedha ili maprofesa wazee walipwe pensheni. Taasisi iliyokabidhiwa fedha hizo ilikuwa na kazi moja ngumu: kuamua chuo ni kipi na sekondari ni ipi, maana kila jengo lenye mbao na chaki lilijiita chuo. Mnamo 1906 ikakata shauri kwamba chuo halisi kimtake mwombaji awe amesoma vizio 14 katika sekondari, na kizio kimoja kiwe takriban saa 120 za somo moja katika mwaka wa masomo. Chuo kilichotaka walimu wake wapate kiinua mgongo kilibidi kikubali. Kumbe kipimo kinachomsumbua mjukuu wangu kilizaliwa na uzee wa walimu! Saa 120 ni vipindi 180 vya kwetu.

Sasa tupige hesabu. Miaka miwili ni saa 240. Miaka minne ya Harvard ni saa 480. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, ambayo kwa miaka mingi imewafundisha wanadiplomasia wake lugha za dunia, hukadiria kuwa mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama wiki 36, yaani saa zinazokaribia 900 za darasani, ili aweze kufanya kazi kwa Kiswahili. Kwa Kiarabu ni wiki 88, saa 2200. Wanafunzi hao ni watu wazima, wanalipwa mshahara kwa kusoma, na madarasa yao ni madogo. Kijana wa miaka kumi na mitano aliyekaa na wenzake thelathini, saa moja kwa siku, akitoka hisabati na akielekea michezo, miaka yake miwili haifiki hata theluthi ya safari hiyo.

Kwa hiyo miaka hii haipimi ujuzi wa lugha, na sidhani kama maofisa wa udahili wenyewe wanadhani inapima. Inapima kwamba mtu alianza jambo gumu, lisilo na matunda ya haraka, akalirudia mwaka wa pili. Hilo silidharau. Nimewaona wanafunzi wengi waliokuwa na kipaji cha lugha wakaacha kwenye ngeli, na wengine wasio na kipaji wakang'ang'ana mpaka ngeli zikawazoea. Lakini ukipima uvumilivu, sema unapima uvumilivu.

Zamani walipima vingine. Harvard ilipokuwa changa, miaka ya 1640, mwombaji hakuulizwa alisoma Kilatini miaka mingapi. Alitakiwa aweze kumsoma Cicero, au mwandishi wa namna hiyo, papo kwa papo, aseme na kuandika Kilatini sahihi kwa nathari na kwa ushairi, na ajue minyambuliko ya Kigiriki. Washairi wenzangu wanaweza kusimama kidogo hapo: ilikuwepo siku ambapo mtoto hakuingia chuo kikuu pasipo kutunga beti katika lugha isiyo ya mama yake. Isitupumbaze, hata hivyo. Mlango ule ulikuwa wa watoto wa kiume wachache mno, ambao baba zao walimudu mwalimu wa Kilatini. Kipimo cha miaka, pamoja na uzito wake wote wa kiofisi, kilikuwa na huruma ndani yake: kiliahidi kwamba mtoto wa mkulima akikaa darasani saa zilezile, basi amehesabiwa sawa na mtoto wa wakili.

Nirudi kwa mjukuu wangu, maana hapo ndipo kipimo kilipoanza kufanya vituko.

Ana kaka yake mkubwa. Kaka huyo alimaliza darasa la saba Tanga kabla ya kuondoka. Kanuni za University of California zinasema kwamba mwanafunzi aliyesoma kwa ufaulu miaka miwili, kuanzia ngazi ya darasa la sita kwenda juu, katika nchi na shule ambamo lugha ya kufundishia si Kiingereza, anahesabiwa kuwa ametimiza sharti la lugha. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili hadi darasa la saba. Binti yangu alikuwa ametunza ripoti za maendeleo za mwanawe katika bahasha ya kaki, zikiwa na mihuri ya mwalimu mkuu; zikatafsiriwa, zikakubaliwa, na kaka mtu akapita herufi E bila kufungua mdomo. Leo hii kaka huyo nikimwamkia kwa simu hunijibu kwa Kiingereza, na shikamoo yake hadi nimkumbushe. Dada yake, aliyeondoka akiwa darasa la tano, ndiye anayenipigia kila Jumapili, ndiye ananiuliza maana ya methali, ndiye humwombea mama yake chumvi na pilipili manga katika duka la Mswahili. Kwa mujibu wa karatasi, kaka ana Kiswahili na dada hana.

Mipaka hiyo ikifuatwa inatoa maajabu mengine. Mtoto wa Mombasa, ambaye Kiswahili chake kinaweza kumfundisha mwanangu, hawezi kupita kwa njia ya kaka mtu, kwa kuwa shule za Kenya hufundisha kwa Kiingereza kuanzia madarasa ya kati ya msingi. Mtoto wa Kikongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kasulu, ambaye nyumbani na uwanjani ni Kiswahili, alisoma kwa mtaala wa Kongo. Akiwa na ripoti zake, lugha itakayohesabiwa ni Kifaransa. Watoto wa namna hiyo ni wengi sasa katika miji kama Louisville na Des Moines, ambako wakimbizi wa Kongo wamepewa makazi. Lugha inayowaunganisha wakiwa kwenye basi la shule haimo katika faili zao.

Nikasema basi itafutwe njia ya mtihani. Hapo ndipo mtu anaona Kiswahili kimekaa wapi katika dunia ya vyeti. Mitihani inayojulikana zaidi ya kuonyesha kiwango cha chuo ukiwa sekondari, ile ya AP, ipo kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano, Kichina, Kijapani na Kilatini. Kilatini, ambacho hakuna mama duniani anayembembelezea mtoto kwacho, kimo. Kiswahili hakimo. Sisemi haya kwa uchungu dhidi ya Kilatini. Ni lugha yenye heshima yake. Nasema kwa kuwa kila tarehe 7 Julai tunapiga vigelegele vya Siku ya Kiswahili Duniani na kutajiana mamilioni ya wazungumzaji, na mamilioni hayo yote hayakuweza kumpatia mtoto mmoja chumba cha mtihani huo.

Njia iliyobaki ilikuwa shule yenyewe kuthibitisha umahiri wake. Kanuni zinairuhusu shule impime mwanafunzi kwa njia inayoaminika na kuandika katika rekodi yake ya masomo kwamba ana kiwango cha miaka kadhaa. Aidha, California ilikuwa ya kwanza, kwa sheria ya 2011, kuanzisha muhuri maalumu unaobandikwa kwenye cheti cha mhitimu aliyethibitisha kumudu Kiingereza na lugha nyingine. Majimbo mengi yakafuata. Ipo mitihani ya kompyuta inayotumika kwa kazi hiyo, na Kiswahili, namshukuru Mungu, kimo katika baadhi yake. Hupima stadi zote nne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika.

Mshauri wa wanafunzi shuleni kwake alikuwa tayari amependekeza jambo jepesi zaidi kwake: mtoto asome Kihispania cha mwaka wa pili katika darasa la 12, yaishe. Lilikuwa pendekezo la busara. Lakini mjukuu wangu alilipokea kama tusi, na siku aliponipigia hakungoja nimalize kuitikia.

"Shikamoo bibi. Wanasema sina lugha."

"Marahaba mke mwenzangu. Nani kasema?"

"Fomu. Imeandikwa lugha ya kigeni. Sasa bibi, Kiswahili kwangu ni cha kigeni? Nikisema ndiyo, nimekikana. Nikisema hapana, hawakihesabu."

Nilikuwa nimefundisha vijana wa kidato cha nne fasihi kwa miaka mingi na sikumbuki wengi walioweza kulibana jambo kwa sentensi mbili namna ile. Nilimwambia kwanza kwamba chuo kile chenyewe kimeacha neno hilo. Huandika "lugha isiyo Kiingereza", ambalo si tamu sikioni, lakini angalau halimwiti mtu mgeni. Neno "kigeni" ndilo lililobaki midomoni na katika fomu za zamani. Nikamwambia pia atazame majina ya miji inayomzunguka, San Francisco, Sacramento, Los Angeles, ajiulize Kihispania nacho ni kigeni kwa nani katika nchi ile. Lakini hakuwa na haja ya somo la historia. Alitaka kujua kama atafaulu.

Nikampa imla. Alikuwa na simu mkononi. Nilisoma aya moja, akaandika kwa kalamu, akanipigia picha. Nilipoifungua niliona kazi iliyokuwa mbele yetu. Masikio yake hayakukosea neno hata moja. Mkono wake ulikuwa umevunja kila kitenzi vipande vipande: "ni li po kuwa ni na enda", kila kiambishi kimesimama peke yake kama abiria walioshushwa njiani. Hilo ni jambo la kawaida kwa aliyejifunza lugha kwa sikio na kusoma kwa Kiingereza. Hudhani kila sauti yenye maana ni neno. Msamiati wake nao ulikuwa na ramani ya nyumba. Jikoni hakuna kilichomshinda, kuanzia mwiko hadi mbuzi ya kukunia nazi. Msibani na harusini alijua la kusema. Alipofika ofisini, mahakamani au kwenye gazeti, alipotea. Hakuwa na "hoja", wala "sera", wala "mazingira" isipokuwa kwa maana ya mahali palipo pachafu.

Tulikuwa na miezi minne. Kila Jumapili, jioni yangu ikiwa asubuhi yake, tulikaa. Sikutumia kitabu cha wageni, kwa kuwa vitabu hivyo huanza na "hujambo" na yeye hakuhitaji kuambiwa hujambo. Nilirudi kwenye ufupisho. Nilimtumia habari za magazeti, azifupishe kwa maneno hamsini, kisha aseme anakubali au anakataa, na kwa nini. Mwanzoni alikubali kila kitu, kwa adabu. Ilichukua wiki kadhaa kumfahamisha kuwa kumpinga mwandishi si kumkosea mkubwa heshima, na kwamba Kiswahili kina namna zake za kupinga bila kuvunja adabu: "huenda ikawa hivyo, ila", "sioni vibaya, lakini".

Kisha nikafanya jambo ambalo halikuwa katika mtihani wowote. Nikamfundisha kuhesabu mizani. Nilimpa neno moja moja akaninong'onezea idadi huku anapiga vidole mezani. "Mbuzi?" Mbili. "Mbu?" Mbili. Nikamuuliza, mbu ni neno fupi kuliko mbuzi, iweje yalingane? Akasema, "Bibi, mbu ina m inayosimama. Ile ya mbuzi imekaa." Wasomaji wa ukurasa huu wanajua ni watunzi wangapi, wazawa kabisa, wanaojikwaa hapo, na kulazimika kuambiwa kuwa nchi, nne na mbwa zina mizani mbili mbili. Hakuna aliyemfundisha. Alikuwa nayo tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Hiyo ndiyo sehemu ya lugha ambayo saa 240 hazinunui, na wala saa 900 haziipati kwa urahisi. Kwa upande mwingine, kuandika "nilipokuwa" neno moja ni jambo la majuma mawili kwa yeyote mwenye mwalimu. Kipimo chao kilikuwa kimetazama kile cha majuma mawili na kukiita lugha.

Alitunga ubeti mmoja wa mistari minne, vina vya kati vikilegea mstari wa tatu. Nilimwambia vimelegea. Akaunganisha upya, vikakaza, lakini maana ikalegea. Tukaacha hapo, kila mtunzi anapafahamu.

Mtihani aliufanya mwezi wa tano katika maktaba ya shule, peke yake, amevaa visikizi. Kusikiliza na kuzungumza alipita juu sana ya kiwango kilichohitajika. Kusoma alipita vizuri. Kuandika alipata alama inayotosha, bila ya ziada hata moja. Shule ikaandika katika rekodi yake kuwa ametimiza. Mama yake alilia simuni. Nami nilijikuta nikiuliza swali la kishamba la mwalimu, kwamba insha ilihusu nini. Ilihusu kama wanafunzi waruhusiwe kuwa na simu darasani. Aliandika hapana. Nikamuuliza kama ndivyo anavyoamini. Akacheka, akasema ndiyo hoja aliyokuwa na msamiati wake.

Nilimshauri aendelee na Kihispania vilevile, na anaendelea. Haitakuwa kwa ajili ya herufi E tena. Majirani wao wa ghorofa ya chini ni watu wa Mexico, na mama wa nyumba ile ndiye aliyemfundisha binti yangu mahali pa kununua mihogo. Mwanafunzi wa lugha mwenye jirani anayetabasamu akikosea amekwisha kupata maabara.

Kinachonikera bado ni jinsi mambo yalivyopinda kule juu, ndani ya vyuo vyenyewe. Baada ya Warusi kurusha Sputnik mwaka 1957, Marekani iliingiwa hofu, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kugharimia masomo ya lugha za dunia kwa ajili ya usalama wa taifa. Fedha hizo ziliwasaidia wengi kujifunza Kiswahili, na leo ni miongoni mwa lugha za Afrika zinazofundishwa zaidi katika vyuo vya Marekani. Kila mwaka vijana wetu kutoka Kenya na Tanzania huenda huko kwa ufadhili wa Fulbright kusaidia kukifundisha. Kijana wa Kimarekani asiyejua Kiswahili hata kidogo anaweza kuingia chuo, kukisoma kuanzia "hujambo", na kukitumia kutimiza sharti la lugha la shahada yake. Mlango wa ndani unakifahamu Kiswahili kikiletwa na mwanagenzi. Mlango wa nje unapata shida kukitambua kikiletwa na mwenyewe.

Kwa wasomaji walio na ndugu wanaojiandaa kusafiri na watoto: fungasheni ripoti za shule, zote, zenye mihuri, hata za darasa la kwanza. Mtoto akiwa amebakiza miezi kumaliza darasa la sita au la saba, na safari ikiweza kungoja, ingoje. Akishafika huko, muulizeni mshauri wa shule habari za lugha katika darasa la 9, msisubiri la 11, na ulizeni kwa maandishi ni mtihani gani wa Kiswahili ambao shule yao itaukubali. Kozi za lugha za madarasa ya 7 na 8 nazo huhesabiwa na University of California, jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Na aliyefuzu kozi ya ngazi ya juu husamehewa ya chini yake hata kama hakuisoma. Mtoto anayeweza kuanza katika mwaka wa tatu wa Kifaransa asikubali kurudishwa wa kwanza.

Mwezi wa kumi mjukuu wangu alikuwa akijaza fomu nyingine, inayotumiwa na vyuo vingi kwa pamoja. Fomu hiyo humtaka mwombaji ataje lugha anazozijua, na mbele ya kila lugha kuna visanduku vitano vya kutia alama: lugha ya kwanza, naizungumza, naisoma, naiandika, inazungumzwa nyumbani. Alinipigia akiwa amesimama kwenye cha nne upande wa Kiswahili. Nilimwambia atie alama. Akasitasita kwenye cha tano, na nikamsikia akimwita kaka yake chumba cha pili, kwa Kiswahili, kumuuliza kama ni kweli. Kaka akajibu kwa Kiingereza kwamba ni kweli.

"Nitie, bibi?"

"Tia."